Kuchagua mashine ya kahawa inayosaga punje yenyewe: usisahau maji yako

Mimi ni fundi wa mashine hizi Dar es Salaam. Juzi nilikuwa nikimsaidia mama mwenye mgahawa mdogo Sinza achague ya kwake, na maswali yake ndiyo ninayoulizwa na karibu kila mteja. Nazungumzia mashine inayosaga punje na kukutolea kahawa kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Hatua ya 1: Hesabu vikombe vya saa yenye watu wengi

Usihesabu vya siku nzima. Mashine nyingi za nyumbani zina tanki la lita 1.8 hivi na droo ya machicha inayojaa baada ya vikombe kumi na kitu. Kama kati ya saa moja na saa mbili asubuhi unauza vikombe 40, mhudumu atashinda anamwaga machicha huku wateja wanasubiri. Hapo nunua ya biashara, inayounganishwa na bomba. Kwa nyumba au ofisi ya watu wanane, ya kawaida inatosha.

Hatua ya 2: Umeme

Volti 230. Ya volti 120 kutoka Marekani achana nayo, hata ukipewa bure.

Hatua ya 3: Pima maji kabla hujalipa

Mashine nyingi ninazoletewa zimeuawa na maji. Angalia ndani ya birika lako la umeme: ukiona ukoko mweupe chini, ukoko huohuo utaganda kwenye vijibomba vyembamba vya mashine, ambavyo huwezi kuvisugua. Dalili zake ni kahawa kutoka kwa matone, pampu kunguruma, na kikombe kuwa vuguvugu.

Tumia kijikaratasi cha kupimia ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yanayoleta ukoko huo. Mara nyingi kimo ndani ya boksi. Kichovye, subiri dakika moja, kisha ingiza jibu kwenye menyu ya mashine. Usiiruke kazi hii, kwa sababu mashine nyingi hazipimi maji zenyewe. Zinahesabu tu lita zilizopita na kukudai usafishaji kulingana na namba uliyoingiza. Ukiweka namba ndogo kuliko hali halisi, taa itawaka wakati ukoko umeshaganda.

Ugumu ni kitu kimoja, chumvi ni kingine. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na kichujio kidogo cha ndani ya tanki hakiondoi chumvi. Maji hayo yanakula chuma na kuharibu ladha. Mwenye kisima cha namna hiyo namshauri atumie maji ya chupa kubwa za dispensa, na aweke gharama hiyo kwenye bei ya kikombe. Maji yaliyochujwa hadi kubaki bila madini kabisa nayo hayafai: kahawa inakosa ladha, na baadhi ya mashine hazitambui kwamba tanki lina maji.

Kutoa ukoko, tumia dawa iliyotajwa na mtengenezaji. Siki hapana! Inachosha mipira ya kuzuia maji yasivuje na harufu yake haitoki upesi. Anza kazi hiyo ukiwa na uhakika wa umeme, maana ukikatika katikati, dawa inabaki ndani na mashine nyingi zitakulazimisha uanze upya.

Hatua ya 4: Mwambie muuzaji akitoe kitengo cha kukamulia

Hiki ndicho kinachoshindilia kahawa na kupitisha maji. Kwenye Philips na De'Longhi unafungua kimlango, unakivuta na kukisuuza kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni kila wiki. Kwenye Jura hakitoki kwa mkono. Kinasafishwa kwa vidonge. Kwa joto na unyevu wetu wa pwani, mimi nachagua kinachotoka, kwa sababu nikikivuta naona ukungu kwa macho yangu. Uliza pia vipuri vinapatikana wapi. Skrini ya rangi na maandishi ya "baa 15" (baa ni kipimo cha shinikizo) yasikushawishi: espreso huhitaji kama baa 9 tu.

Hatua ya 5: Maziwa

Chagua bomba la mvuke la mkono, unalopovushia maziwa mwenyewe. Mfumo wa mirija inayovuta maziwa yenyewe usiposafishwa kila siku, maziwa yaliyobaki ndani hugeuka mtindi.

Hatua ya 6: Jaribu kwa kahawa utakayouza

Nenda nayo dukani, iwe arabika ya Mbinga au robusta ya Kagera. Punje nyeusi zinazong'aa mafuta hunata kwenye kinu, kwa hiyo beba zilizokaangwa wastani. Badilisha usagaji kinu kikiwa kinazunguka, alama moja moja, na usihukumu kikombe cha kwanza. Kahawa ya msago wa zamani bado imo njiani. Onja cha tatu.