Somo: kofia ya viua (vitundu vilivyozungushiwa uzi), na kwa nini yako inafanya marinda juu

Kila ikikaribia Ramadhani nalipata lilelile: "Mama, kofia yangu imejikunja juu, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Vifaa: bafta nyeupe (kitambaa cha pamba), uzi mweupe wa pamba, sindano nyembamba, shazia (sindano nene ya kutobolea), subana (ya kukinga kidole), penseli, futi ya fundi.

1. Roweka bafta usiku kucha, anika, piga pasi. Ukiruka hapa, kofia itarudi, iwe ndogo, siku ya kwanza kufuliwa.

2. Pima kichwa, juu kidogo ya masikio.

3. Kipimo hicho gawa kwa 3.14, upate upana wa duara la juu. Kichwa cha sentimita 56 kinataka duara la karibu 17.8. Ukanda wa pembeni: urefu 56, kimo 9.

4. Chora duara, ukanda na maua yako juu ya bafta, USIKATE. Hapa ndipo nilipoaibika. Kofia yangu ya kwanza nilimshonea kaka yangu avae Idi. Nikakata sawasawa na mstari, nikajiona fundi. Kazi ya miezi mitatu, kuja kuunga, ukanda umepungua zaidi ya sentimita mbili! Kila kiua kinavuta kitambaa kidogo, na viua ni mamia. Kofia ikaishia kwa mwanawe. Basi acha nguo ya ziada sentimita tatu kila upande. Ukimaliza viua vyote (hatua ya 6), pima upya, chora mstari mpya, ndipo ukate, na sentimita moja ya mshono uiache.

5. Weka tabaka mbili za bafta, piga bandi (mishono ya kushikiza) zisiteleze.

6. Viua. Tundu litoboe kwa shazia, sukuma nyuzi zikae kando. Ukikata kwa mkasi, nguo itafumuka.

7. Kuunga. Kunja duara sehemu nne sawa, tia alama. Ukanda uungane ncha kwa ncha, nao uugawe sehemu nne. Kutanisha alama kwa alama, shikiza, ndipo ushone. Anayeanza pembe moja akazunguka mpaka mwisho ndiye anayeniletea marinda.

8. Pindo la chini. Hilo mnalijua.

MASWALI

Mgeni wa Mkoani: Kichwa cha 56 duara lake ngapi?
— Hatua ya 3.

Bint Ng'ambo: Naweza kutumia cherehani, nimalize haraka?
— Kuunga, tumia. Viua, hapana. Unayetaka haraka, nenda sokoni Darajani ukanunue.

Sindano Butu: Nimefuata kila kitu na bado haikukaa.
— Ulikata kabla ya viua au baada?
Sindano Butu: Kabla, ila nilikuwa na haraka.
— Basi hukufuata kila kitu, mwanangu.

Mwanagenzi wa Wete: Shikamoo mama. Matundu yangu yanaanza mviringo, yanaishia umbo la yai. Ni mkono wangu au nguo?
— Marahaba, mwanangu, umeuliza la maana. Ni mkono. Unavuta uzi kwa nguvu upande mmoja, ukichoka unalegeza. Kabla hujatoboa, zungusha mshono mdogo wa bandi kwenye mstari wa kiua. Huo unalishika tundu. Kisha toboa, zungushia mishono iliyobanana, kila mmoja uvute sawa na mwenzake. Ukimaliza ingiza shazia tena, zungusha taratibu, tundu litakaa. Fanya kumi kwenye kitambaa cha majaribio, unitumie picha. Hata vikiwa vibaya nitumie.

Mwanagenzi wa Wete: Ahsante mama. Na fundo nafichaje?
— Hakuna fundo. Ncha ya uzi ilaze chini ya mishono ya mwanzo, itakazwa yenyewe.

Bint Ng'ambo: Kanji ya kukazia kofia, ya muhogo au ya ngano?
— Mie muhogo. Chuja kwa kitambaa, la sivyo madonge yatakaa ndani ya viua.

Shoga wa Chake: Mie naianika juu ya sufuria iliyopinduliwa, kipimo cha kichwa.
— Sufuria yenye masizi? Kofia nyeupe hiyo, shoga.
Shoga wa Chake: Ya kupikia maziwa, jamani! Haina masizi.
— Haya. Lakini mie bakuli la bati lililopakwa rangi nyeupe, na naligeuza kila saa kofia isikauke upande mmoja.