Kabla ya Kwenda Kumuaga: Kwa Msafiri wa Tamasha Anayetokea Kigoma

Mwanamuziki mkubwa akitangaza kwamba anazunguka bara zima kuwaaga mashabiki, habari hutufikia Kigoma siku ileile inapofika Dar, Nairobi na Lagos. Kinachochelewa ni sisi wenyewe kufika kwenye onyesho. Naandika haya kwa sababu nimewahi kuchelewa, na kwa sababu kila ziara ya namna hii inapotajwa nawaona vijana wa Mwanga na Gungu, mitaa ya hapa kwetu, wakikimbilia tiketi kabla hawajajua watapita njia gani.

Nilikuwa kijana. Nilipanda treni hapa Kigoma nikiwa nimehesabu siku mbili za njiani na nusu siku ya kupumzika. Ilikuwa masika. Tulipoiacha Dodoma tukaambiwa mbele maji yamekula tuta la reli. Tukakaa kwenye mabehewa tukinunua mahindi ya kuchemsha kwa wanakijiji hadi mafundi walipomaliza kazi. Nilifika uwanjani Dar asubuhi ya siku iliyofuata onyesho. Vijana wanne walikuwa wanakunja turubai la jukwaa, na mmoja wao akaniambia kwa upole, "Kaka, ilikuwa jana usiku." Tiketi ilikuwa mfukoni, haijachanwa. Yule mwimbaji hakurudi tena Tanzania, na sasa ni marehemu.

Kwa hiyo nikiulizwa maandalizi yaanzie wapi, nasema yaanzie njiani, tiketi ifuate. Onyesho la kawaida ukilikosa utasubiri mwakani. La kuaga halina mwakani, na anayetoka mwisho wa reli hawezi kupanga safari yake kwa hesabu za mtu anayeishi Sinza, Dar.

Lakini kwanza ielewe ziara yenyewe, maana neno "kuaga" hubeba mambo mengi. Elton John, mwimbaji wa Uingereza, alitangaza Januari 2018 kwamba anafanya ziara ya mwisho. Alianza Septemba mwaka huohuo Allentown, Pennsylvania, na hakumaliza hadi tarehe 8 Julai 2023, Stockholm. Ugonjwa wa korona uliisimamisha mwaka 2020, kisha nyonga yake ikamlazimu kuahirisha tena mwaka 2021, na mashabiki wa Ulaya walikaa na tiketi zao miaka kadhaa wakisubiri tarehe mpya. Aerosmith, bendi ya roki ya Marekani, walianza ziara yao ya kuaga Philadelphia Septemba 2023, wakapiga maonyesho matatu tu, sauti ya mwimbaji wao, Steven Tyler, ikaumia. Mwaka uliofuata wakatangaza kwamba hawatazunguka tena kabisa. Cher naye, mwimbaji wa Marekani, alizunguka akiaga kuanzia 2002 hadi 2005, na baada ya miaka kadhaa akarudi ziarani.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa kwetu Afrika. Miriam Makeba, aliyetuimbia hata kwa Kiswahili, alianza mwaka 2005 kuzunguka dunia akiwaaga watu. Usiku wa tarehe 9 Novemba 2008 aliimba Castel Volturno, Italia, akaanguka baada ya onyesho na kufariki akiwa na miaka 76. Johnny Clegg wa Afrika Kusini alifanya ziara yake ya mwisho mwaka 2017 akiwa tayari anaugua saratani ya kongosho, na Julai 2019 akatutoka. Anayeaga mara nyingi ni mtu mzima, pengine mgonjwa. Tarehe zake zinaweza kusogea, zinaweza kufutwa. Weka hilo akilini kabla hujagusa akiba: fedha ya kwenda kumuaga mwimbaji isiwe ya ada ya mtoto, wala ya mtaji wa dagaa. Soma masharti ya tiketi kuhusu kuahirishwa na kufutwa, mstari kwa mstari, hata kama ni marefu. Ukiweza, chagua nyumba ya kulala wageni inayokubali kubadili tarehe.

Sasa mji. Ziara kubwa husafiri na vyuma vya jukwaa, taa, spika na skrini, mizigo ya malori mengi. Huko Ulaya lori hutoka mji mmoja usiku likafika mwingine asubuhi. Kwetu barabara ni ndefu na mipaka ni mingi, ndiyo maana "ziara ya Afrika" mara nyingi huwa miji michache tu. Kigoma tunajua onyesho kubwa likoje. Diamond Platnumz alikuja kufunga mwaka 2019 Uwanja wa Lake Tanganyika akiadhimisha miaka 10 ya muziki wake, na mji haukulala. Ila yule ana damu ya hapa. Wageni wanaoaga bara hawatafika, tutawafuata.

Wengi wetu tukisikia tamasha tunafikiria Dar, na Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi ya watu 60,000 kweli ni mkubwa. Lakini tazama ramani. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni takribani kilomita 1,250. Kigali iko karibu zaidi sana, na ina BK Arena, ukumbi wa kuezekwa wa watu kama 10,000 uliofunguliwa mwaka 2019. Kendrick Lamar aliimba mle Desemba 2023, na John Legend akaimba Kigali Februari 2025. Ziara ikitaja miji yote miwili, mimi ningechagua Kigali bila kufikiria mara mbili: ukumbi una paa, sauti haichukuliwi na upepo, na barabara yake inatupitisha kwa watu wetu.

Njia ni ya kutoka stendi ya Masanga kwenda Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi, kisha Benako na mpaka wa Rusumo. Kuna wanaoona Bujumbura ni mkato. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo usiipange njia hiyo bila kuulizia uhamiaji kwanza. Ukiamua Dar, usitegemee treni ya kufika siku ya onyesho. Wenye haraka siku hizi hupanda basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya kisasa, iliyoanza kufanya kazi kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024. Njia yoyote utakayoshika, fika siku mbili kabla. Siku moja ni ya barabara ikigoma, nyingine ni yako, kwa sababu mtu aliyeshuka kwenye basi jioni akaenda moja kwa moja uwanjani husinzia ukifika wimbo alioujia.

Hati za safari ndizo zinazoangusha wengi. Wakenya na Waganda huingia Rwanda kwa kitambulisho, sisi kitambulisho chetu cha taifa, cha NIDA, hakitoshi. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000, na maombi yake yanataka cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi. Hapa ndipo wazee wetu wanapokwama, maana wengi walizaliwa vijijini hawakuandikishwa. Anza miezi kadhaa kabla. Kama muda umekwisha, ulizia hati ya dharura ya safari kwenye ofisi ya uhamiaji ya mkoa. Visa hatuhitaji kuingia Rwanda. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukichanja mara moja inatosha maisha yote, ila kadi ikilowa au ikipotea utasumbuka, kwa hiyo itie kwenye bahasha pamoja na pasipoti. Na acha mifuko ya plastiki nyumbani: Rwanda iliipiga marufuku miaka mingi kabla yetu, na mizigo hupekuliwa. Dagaa wako wa kukaanga wafunge kwenye kikapu au chombo chenye kifuniko.

Lugha isikutishe. Anayejua Kiha ataelewana na mwenye Kinyarwanda kuliko anavyodhani. Tahadhari zaidi na barabara, kwani ukishavuka Rusumo magari yanapita kulia, na jicho lako limezoea kutazama upande mwingine kabla ya kuvuka.

Kuna kosa moja dogo ambalo nimeliona kwa macho, na limewaliza watu wazima. Dada mmoja tuliyekuwa tunasafiri naye alinionyesha tiketi kwenye simu: 19:00. Akasema, "Milango saa tisa usiku, tuna muda." Alikuwa ametoa kumi kwenye kumi na tisa. Saa 19:00 ni saa moja usiku. Wengine husoma "7 PM" wakasema saa saba usiku. Toa sita, si kumi, jibu likizidi kumi na mbili toa kumi na mbili tena, na uliandike kwa Kiswahili kwenye karatasi kila mmoja wenu alielewe. Halafu kumbuka Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja. Onyesho la saa mbili usiku la kule, hapa nyumbani ni saa tatu. Simu ikishika mtandao wa kule hujibadilisha yenyewe, saa ya mkononi haibadiliki. Mkipanga kukutana getini, semeni ni saa ya wapi.

Tiketi za ziara kubwa huuzwa mtandaoni na huisha upesi. Ingia kupitia ukurasa rasmi wa msanii mwenyewe au wa ukumbi, ufuate kiungo kutoka humo. Usifuate kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp hata kama aliyetuma ni binamu yako. Malipo mengi yanataka kadi, na siku hizi unaweza kufungua kadi ya kidijitali kwenye simu kupitia huduma za fedha. Ifungue mapema, uijaribu kwa kiasi kidogo, kwa sababu siku ya mauzo si siku ya kujifunza. Walanguzi wataibuka wakisema wana tiketi za ziada. Ukinunua mkononi, unanunua picha ya alama ya mraba (QR) ambayo wengine kumi huenda wameshauziwa, na mashine ya mlangoni humpokea wa kwanza tu. Kwa sababu hiyohiyo usiweke tiketi yako kwenye status. Najua furaha inasukuma. Weka picha ya viatu utakavyovaa.

Nenda na mwenzako. Katika kundi la watu kumi awepo mmoja anayeshika orodha ya majina, namba za pasipoti na namba ya ndugu wa nyumbani, na kila mtu abebe nakala ya karatasi. Pawabenki ni lazima, lakini chaji huisha.

Kuhusu msongamano nitasema wazi kwa sababu jirani zetu walilia. Oktoba 2022, kwenye onyesho la mwanamuziki wa Kongo, Fally Ipupa, katika Stade des Martyrs, Kinshasa, watu 11 walikufa kwa kukanyagana uwanja ulipofurika. Watu walikwenda kuimba. Ukiingia tu, kabla hujatafuta pa kusimama, tafuta milango miwili ya kutokea, na ule ulioingilia usiuhesabu, kwa kuwa kila mtu atakimbilia huo. Ukihisi umati unakusukuma bila wewe kutaka, inua mikono mbele ya kifua ili mapafu yapate nafasi, nenda na msukumo, na unapolegea sogea pembeni kidogo kidogo kimshazari. Usishindane nao. Simu ikidondoka, iache. Hakuna simu inayostahili kuinamia pale. Mzee, mjamzito au mtoto asikae sehemu ya kusimama mbele ya jukwaa, hata kama tiketi zake ndizo zilizobaki.

Masikio pia. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba sauti kumbini isizidi wastani wa desibeli 100, na hiyo yenyewe ni kubwa kwa mtu aliyesimama karibu na spika. Vizibo vya masikio vya famasi ni bei ndogo na muziki bado utausikia. Pamba peke yake haizuii vya kutosha.

Mama yangu mdogo, ambaye ana miaka zaidi ya sabini, aliniuliza kama naye anaweza kwenda kumuona mtu aliyemsikiliza redioni tangu ujana wake Ujiji. Nikamwambia ndiyo, na kwa ajili yake mipango yote ikabadilika: tukakata viti vya kukaa karibu na ngazi, tukagawa safari ya basi kwa kulala Kakonko, dawa zake za presha zikawa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini ya gari. Wenye wazazi waliokulia kwenye nyimbo hizo wafikirieni. Wao ndio wanaoagwa hasa.

Kisha panga kurudi, jambo ambalo watu huliacha wakidhani litajipanga. Onyesho huisha usiku, na umati wote hutafuta usafiri kwa wakati mmoja. Lipia chumba cha usiku huo hata kama roho inakwambia utakesha stendi. Kaeni mahali penu hadi ukumbi upungue, mhesabiane, ndipo mtoke. Asubuhi nunueni chai, mle, mpande gari la kwenda Rusumo mkiwa mmeshapata usingizi. Kwenye begi, chini kabisa, acha nafasi ya vitenge, kwa sababu atakayekupokea Masanga atauliza umemletea nini kabla hajauliza ameimba nini.