Namna ya Kutengeneza Filamu ya Zimwi kwa Simu, Ufukweni Kigoma

Filamu ya kutisha ya mtindo wa video iliyookotwa humfanya mtazamaji aamini kwamba anachokiona kilirekodiwa na watu ambao hawakurudi nyumbani. Mtindo huu unawafaa vijana wa Kigoma kuliko mwingine wowote, kwa kuwa hauhitaji kamera ya gharama, na ziwa tunalo, giza tunalo, na mazimwi tumesimuliwa tangu utotoni.

Anza na hadithi ambayo wasikilizaji wanaijua. Mimi ningechukua ile ya binti aliyesahau kombe lake, gamba la pwani, juu ya mwamba, akarudi peke yake kulifuata, zimwi likamtia ndani ya ngoma na kumzungusha kijiji hadi kijiji ili aimbe, nalo lipewe chakula. Aliyekua akiitikia “pakawa” hahitaji kuelezwa zimwi ni nini, wala huna haja ya kumwonyesha. Unachohitaji ni ngoma moja, na sauti ya mtoto inayotoka mahali ambapo mtoto hawezi kuwapo.

Kisha jibu swali gumu: kwa nini mtu huyu bado anarekodi? Katika Trolljegeren, filamu ya Norwe ya mwaka 2010 iliyoongozwa na André Øvredal, wanaorekodi ni wanafunzi wanaomfuatilia mtu wanayemdhani jangili wa dubu, na kamera inakuwa kazi yao kabla majitu ya hadithi za kwao hayajatokea. Wewe mpe mhusika wako sababu ya hapa kwetu. Awe kijana anayerekodi uvuvi wa dagaa ili amtumie kaka yake aliye mbali, halafu karabai izimike na taa ya simu ibaki kuwa mwanga pekee. Tangu hapo hathubutu kuishusha.

Wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa sababu mbalamwezi huzishinda nguvu taa zao; panga siku zako kinyume cha mapumziko hayo. Usiku wa giza, taa zilizotapakaa ziwani huonekana kutoka ufuko wa Kibirizi kama mji uliojengwa juu ya maji. Patana na wenye mitumbwi mitatu au minne, rekodi taa hizo bila kukata, kisha iliyo mbali kabisa izimike, ifuate ya karibu yake, na nyingine ya karibu zaidi. Hakuna kilichoonekana, lakini kila mtu anajua kwamba kitu kinakuja nchi kavu. Kabla ya kuanza, bonyeza kidole juu ya taa kwenye kioo cha simu na ukishikilie mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kwa maana simu ikiachwa ijiamulie hugeuza giza kuwa kijivu chenye chenga.

Matukio ya ndani ya mtumbwi yafanyie kwenye maji ya magotini. Ziwa hili la Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na gizani mtazamaji hatajua kwamba ufuko uko hatua kumi nyuma yako.

Sauti ndiyo roho ya filamu hii. Jaribio letu la kwanza liliharibiwa na upepo wa ziwani, tukarudi nyumbani na saa mbili za ngurumo tupu. Siku hizi tunaficha simu ya pili mfukoni mwa mwigizaji, imezungushiwa sponji na kipande cha kanga. Wimbo wa binti tuliurekodi mchana, mtoto akiimba ndani ya pipa tupu, kisha tukaulaza chini ya sauti ya mawimbi mpaka mtu alazimike kutega sikio.

Jambo moja nalisema kwa uzito: zimwi lako lisifanane na bibi kizee mwenye macho mekundu. Katika mikoa ya magharibi na ya kanda ya ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, ilhali wekundu huo mara nyingi ni wa moshi wa kuni.

Omba kibali cha Bodi ya Filamu, uwaarifu viongozi wa mtaa, na ukitaka kuingia Hifadhi ya Gombe, tafuta mapema ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Mwishoni, acha simu imelala mchangani ikitazama juu. Ngoma isikike ikikaribia, inyamaze, kisha mkono ufunike kioo. Usionyeshe ni wa nani.