Taa za mbele: mambo ya kukagua kabla hujalipia gari

Mnunuzi wa gari la mkononi akifika yadi huwa na orodha yake kichwani: injini, giaboksi, kilomita, matairi, AC, kadi. Taa za mbele huzikumbuka mwishoni. Saa saba mchana muuzaji anaziwasha, zote mbili zinawaka, shughuli imekwisha. Hapo alichokagua ni balbu na fyuzi tu. Kama taa hizo zinaonyesha njia au hazionyeshi, jua la saa saba haliwezi kumwambia.

Anza na hesabu ndogo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kushtuka na kukanyaga breki, ongeza umbali ambao breki zenyewe zinahitaji kwenye lami kavu, tayari zimekwenda kama mita 70. Ng'ombe, baiskeli isiyo na taa au lori lililokufa katikati ya njia likianza kuonekana likiwa mita 50 mbele yako, breki peke yake haikuokoi. Kwa hiyo kabla hata ya kwenda yadi jiulize gari hili litatembea wapi usiku. Anayezunguka Sinza na Mwenge za Dar es Salaam chini ya taa za barabarani anaweza kuvumilia mengi. Anayepita Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhini na wanyama wanavuka, au anayekwenda Tanga kupitia Segera huku malori yakimjia uso kwa uso, hana cha kuvumilia.

Jambo la pili la kufanya ukiwa bado nyumbani ni kujua gari unalolitaka lilitoka kiwandani na taa za aina gani, maana jina la gari halitoshi. Gari la modeli moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na taa za halojeni (balbu ya waya mdogo unaowaka) kwenye toleo la bei ya chini, na zenoni (balbu ya gesi) au LED (vipande vidogo vya kielektroniki vinavyotoa mwanga) kwenye toleo la juu. Mfano mzuri uko Marekani. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya kampuni za bima, IIHS, ilianza kutoa alama za taa za mbele. Katika magari 31 ya ukubwa wa kati yaliyopimwa mwanzo, moja tu, Toyota Prius v, lilipata alama ya juu, na lilipata likiwa na taa za LED za toleo la gharama. Prius v hiyo hiyo ikiwa na halojeni za kawaida ilipata alama ya chini kabisa. Ukisikia mtu anasifu taa za gari fulani, muulize alikuwa na toleo gani.

Aina ya taa inaamua pia utatoa kiasi gani ikiharibika. Balbu ya halojeni, H4 au H7 au H11, unaipata hata kwenye duka la vipuri la mji mdogo, unabadilisha mwenyewe na safari inaendelea. Zenoni ina balbu yake maalumu na kifaa cha kuzalisha umeme mkubwa, na kifaa hicho kikifa, balbu mpya haisaidii. LED za kiwandani hudumu miaka mingi, lakini nyingi hazina balbu ya kubadilisha: ikifa, unanunua taa nzima. Ndiyo maana naona halojeni nzima yenye kiakisi safi ni bora kwa mtu wa safari za mikoani kuliko LED ya kifahari iliyokwisha kupasuka ikagundishwa.

Sasa uko yadi, mchana. Inama mbele ya gari, uso wako usawa na taa. Kioo cha taa za siku hizi ni plastiki ngumu, polikaboneti, iliyopakwa utando wa kuikinga na jua. Utando ukiisha, plastiki hugeuka njano na kuwa na ukungu. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho: mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa hivyo kikakuta zinatoa takribani asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Kuzisafisha kulirudisha mpaka kama asilimia 70.

Lakini taa ya njano ndiyo ya kweli, na ya kukutia shaka zaidi ni ile inayong'aa kupita kiasi kwenye gari la miaka 15. Hiyo imepigwa msasa na polishi wiki hii. Kupolishi si wizi, mimi mwenyewe ningefanya kabla ya kuuza. Ila msasa huondoa na mabaki ya ule utando wa kinga, na kama hawakupaka mwingine, miezi michache ya jua la Dar inatosha kuurudisha unjano. Pitisha kucha pembeni ya kioo, karibu na bampa na boneti, mahali ambapo fundi hafiki vizuri. Ukikuta ukingo wa njano umebaki pale huku katikati ni angavu kama maji, umeshajua. Uliza walimalizia na nini. Jibu la "dawa ya meno" lihesabu kama hawakumalizia na kitu.

Baada ya kioo, tazama ndani. Kiakisi, yaani ule ungo wa fedha nyuma ya balbu, ndicho kinachorusha mwanga barabarani. Kikiwa kimebabuka, kimepiga weusi juu ya balbu au kimekuwa na vumbi la kijivu, hakuna balbu itakayokiponya. Mara nyingi chanzo ni balbu za wati 100 zilizofungwa mahali pa wati 55 ili gari "lione mbali". Huunguza kiakisi na kuyeyusha soketi. Taa za projekta, zenye lenzi ya duara kama jicho, huficha ubovu huo, kwa hiyo itazame lenzi yenyewe: ikiwa ya maziwa badala ya angavu, imekwisha. Unyevu mwepesi unaotoweka taa ikiwaka kwa muda si jambo kubwa, maana taa zina matundu ya kupumulia. Matone au maji yaliyotulia chini ni dalili ya ufa au ya kifuniko cha nyuma kilichopotea.

Kisha soma maandishi. Kwenye kioo au mgongoni mwa taa kuna jina la mtengenezaji (kwa magari ya Japani mara nyingi Koito, Stanley au Ichikoh) na namba. Linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa na namba tofauti, jina tofauti, au kioo kipya kando ya kilichozeeka, upande huo ulibadilishwa. Huenda taa ziliibwa, na huenda gari liligongwa. Fungua boneti utazame masikio ya plastiki yanayoshika taa na chuma kilicho nyuma yake. Sikio lililogundishwa na gluu maana yake taa itakuwa inacheza kila ukikanyaga tuta, na mwanga nao utacheza.

Kuna alama moja ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Taa za dimu, yaani za mwanga wa chini, hazimuliki sawa pande zote: mwanga huinuliwa kidogo upande wa ukingo wa barabara, walipo waenda kwa miguu, na kushushwa upande wa anayekuja. Tanzania, Kenya na Uganda zinaendesha kushoto kama Japani na Uingereza, kwa hiyo taa za huko zinatufaa. Kongo, Rwanda, Burundi, Oman na Emirati wanaendesha kulia, na taa zilizotengenezwa kwa barabara za namna hiyo zikija kwetu zinammulika machoni anayekuja na kuliacha giza upande wa watembea kwa miguu. Gari lililohamishwa usukani kutoka kushoto kwenda kulia linaweza kuwa na dashibodi nzuri kabisa huku taa zikiwa zile zile za mwanzo. Pia yako magari yaliyofungwa taa iliyotolewa kwenye gari la soko jingine. Kwenye taa zilizotengenezwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, zenye herufi E na namba ndani ya duara, tafuta mshale mlalo. Ukisimama mbele ya gari ukiitazama taa, mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ni wa nchi zinazoendesha kushoto. Mshale wenye ncha mbili ni wa pande zote. Taa yenye E lakini bila mshale ni ya wanaoendesha kulia. Taa nyingi za zamani za soko la ndani la Japani hazina alama hiyo. Kwa hizo, ukuta ndio utakaosema.

Na ukuta unahitaji giza. Mwombe muuzaji mkutane saa moja jioni. Akikataa gari lisionekane usiku, sababu yake nayo ni taarifa. Tafuta sehemu tambarare yenye ukuta, matairi yawe na upepo wa kutosha, mtu mmoja akae kwenye usukani, na kitufe cha kupandisha na kushusha taa kiwe kwenye sifuri. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, washa dimu. Unatafuta ukingo ulio wazi: juu giza, chini mwanga. Kwa magari mengi madogo ukingo huo unapaswa kuwa kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe, pande zote mbili zikiwa sawa. Kushoto ukingo uinuke, kulia ulale. Ukiinuka kulia, taa ni za barabara nyingine. Usipouona ukingo wowote, ukaona wingu jeupe limetapakaa mpaka juu ya ukuta, hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu ameweka balbu za LED za bei rahisi ndani ya taa iliyobuniwa kwa halojeni.

Hilo la mwisho limeenea mno. Kiakisi cha halojeni kilichorwa kwa kufuata mahali hasa pale waya mdogo unapowaka; ukiweka LED ambayo mwanga wake unatokea sehemu nyingine, mwanga unakuwa mwingi lakini unakwenda hovyo. Karibu na bampa panang'aa, dereva anaridhika, mbali hapaonekani, na wanaokuja wanamwashia fulu, yaani taa za mwanga wa juu, njia nzima. Rangi nayo inadanganya. Mwanga wa kibuluu hauoni mbali zaidi ya mweupe au wa manjano hafifu, na wakati wa mvua unachosha macho. Mdai muuzaji balbu za halojeni za gari, fundi azirudishe, kisha mpime tena ukutani. Kama taa ni za zenoni na moja imekuwa ya zambarau au waridi, balbu hiyo imezeeka.

Baada ya ukuta, nenda barabara isiyo na taa za mtaani. Kaa kwenye usukani wewe mwenyewe, dimu kwanza. Mtume mtu mwenye nguo nyeusi asimame pembeni kushoto, nje ya lami, arudi nyuma polepole mpaka umpoteze, kisha hesabu hatua. Washa fulu uone kama inafika mbali kweli au inamulika majani ya miti. Pita kwenye kona. Kisha weka watu watatu nyuma: gari likizama nyuma, taa hunyanyuka. Zungusha kile kitufe cha kushushia uone kama mwanga unashuka barabarani, maana mota zake hufa kimyakimya. Magari mengi ya zenoni hujishusha yenyewe kwa kihisio kilicho kwenye mkono wa ekseli ya nyuma, na kihisio hicho kinaoza mapema kuliko taa.

Mwanga ukiwa hafifu ilhali kila kitu kinaonekana safi, mwite fundi umeme kabla hujakata tamaa. Balbu ya halojeni ni nyeti kwa umeme: voltiji ikipungua asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Soketi yenye kutu, waya wa taa za ziada uliounganishwa ovyo, au waya wa bodi (ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari) uliolegea unatosha. Apime voltiji kwenye soketi injini ikiwa inanguruma, alinganishe na betri. Tengenezo hilo ni la bei ndogo.

Anayeagiza moja kwa moja Japani hana ukuta wala usiku. Aombe picha za karibu za kila taa, ikiwaka na ikiwa imezimwa, na picha ya namba za pande zote mbili. Ukaguzi wa lazima wa Japani hupima nguvu na uelekeo wa dimu, lakini gari lililouzwa mnadani huenda muda wa ukaguzi huo ulikwisha pita, na jua la yadi ya bandarini halisubiri.

Kabla ya kuanza kuvutana bei, tuma picha ya namba ya taa kwa wauza vipuri wa Kariakoo au Ilala uulize bei ya jozi, mpya na iliyotumika. Kwa baadhi ya magari ya LED jibu litakushtua, na ndiyo hoja yako ya kupunguziwa. Mkikubaliana, piga picha taa zote mbili na namba zake mbele ya muuzaji. Kati ya siku ya ukaguzi na siku ya kuchukua gari, taa nzuri zimewahi kuhama. Siku ya kuchukua, zisome namba tena kabla ya kutoa hela ya mwisho.