Ukilaza pikipiki msimu wa mvua
Kama pikipiki yako Lubumbashi haiendi barabarani mvua za Novemba hadi Machi, bali inalala uani, toa betri. Anza na waya wa hasi: ukianza na chanya, spana ikagusa fremu, cheche zinaruka. Ichaji ijae, kisha ipime kila mwezi. Ikishuka chini ya volti 12.4, irudishe kwenye chaji. Betri ya Ah 5 (ampea-saa tano) inataka ampea 0.5 tu, chaja kubwa ya gari huichemsha. Ikikaa tupu, salfeti (chumvi nyeupe) hugandia sahani za risasi ndani ya betri, basi haishiki chaji tena. Maji ya betri yakipungua ongeza yaliyotoneshwa (distilled). Asidi hapana, ya bomba ndiyo kabisa usithubutu. Tangi la chuma lijaze, lisishike kutu ndani. Injini ikiwa inawaka, funga koki ya esansi (petroli), ijizimie yenyewe, kabureta ibaki kavu.