Somo: Soksi ya Krismasi ya mfarishi, kuanzia karatasi hadi kitanzi

Soksi hii ya kutundikwa na kutiwa zawadi ina urefu wa sentimita 45, mdomo wa sentimita 18, bitana ndani na mkunjo mpana unaoangukia nje. Kazi yote ni ya cherehani ya kawaida yenye mshono ulionyooka na zigizaga. Jambo moja ndilo linaloamua kama itatoka nzuri au itatoka imepinda: tabaka tatu za mfarishi, yaani uso, pamba na marekani, zishonwe mistari kwanza, soksi ikatwe baadaye. Ukikata umbo kisha ukashona mistari, pamba huvuta kitambaa, kila kipande husinyaa kivyake, na siku ya kuunganisha pande mbili hazikutani tena.

Vifaa

Kitambaa cha uso kiwe cha pamba, kisichonyumbuka. Ukinunua sentimita 60 za kitambaa chenye upana wa sentimita 110, kinatosha. Kata, vipimo vyote kwa sentimita:

- uso: vipande 2 vya 40 × 55
- pamba bapa, ile inayouzwa kama blanketi jembamba: vipande 2 vya 40 × 55
- marekani nyembamba ya kukaa chini ya pamba: vipande 2 vya 40 × 55
- bitana: vipande 2 vya 32 × 50
- kitanzi: utepe 1 wa 5 × 18

Kitambaa cha mkunjo usikikate sasa. Utakikata baada ya kupima mdomo.

Marekani watu huiruka kwa sababu haionekani. Usiiruke. Bila hiyo, pamba inagusa meno ya cherehani moja kwa moja, inanyofoka, na vumbi lake linajaa kwenye bobini.

Fua vitambaa vyote kabla ya kukata, hasa chekundu. Kitambaa chekundu kipya hutoa rangi, na mkunjo mweupe ukiwa jirani yake utageuka wa waridi siku ya kwanza soksi ikilowa.

1. Chora karatasi

Chora mstatili wa sentimita 30 kwa 47. Mdomo ni sentimita 20 juu, upande wa kisigino. Teremsha mguu karibu wima kwa sentimita 28, ukibana kidogo hadi 18 kwenye kifundo, kisha chora unyayo unaofika mwisho wa mstatili. Vipimo hivi tayari vina sentimita 1 ya mshono pande zote. Kifundo kisishuke chini ya 15, la sivyo mkono hautapita kuchukua kilicho kwenye kidole. Kidole na kisigino viwe duara pana. Kona kali haijai vizuri ikigeuzwa.

2. Panga tabaka na kuzibana

Tandaza marekani mezani, ilaze pamba juu yake, kisha uso ukikutazama. Lainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Bana kwa pini za kufunga kila baada ya upana wa kiganja, au piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda ya sentimita 5. Bandi huchukua muda zaidi lakini haikwaruzani na mguu wa cherehani, na kwa mtu anayeanza naipendelea.

3. Shona mistari

Kwa chaki ya fundi au kipande cha sabuni kikavu, chora mstari wa kukingama kutoka kona moja kuelekea nyingine, kisha mingine kila sentimita 4. Rudia upande wa pili ili upate almasi. Tumia sindano namba 14, uzi wa poliesta, na mshono wa urefu wa milimita 3. Mshono mfupi wa kawaida huzama ndani ya pamba na kukunja uso.

Anza na mstari wa katikati. Malizia nusu ya kulia yote, kisha nusu ya kushoto. Mistari yote ya uelekeo mmoja ishonwe kutoka upande uleule: ukianza wa kwanza juu, wa pili nao uanze juu. Ukipanda na mmoja na kushuka na mwingine, mguu wa cherehani unasukuma uso kwenda kulia, halafu kushoto, na kati ya mistari kitambaa kinajisokota. Kasoro hii inaonekana kwa jicho: almasi zinakuwa na mikunjo myembamba ya mshazari, kama nguo iliyokamuliwa. Pasi haiiondoi.

Kila baada ya mistari mitatu geuza uangalie nyuma. Kipande kilichokamilika kitakuwa kimepungua sentimita 1 au 2, ndiyo maana tulianza na kikubwa.

4. Kata, vidole vikitazamana

Weka karatasi juu ya kipande cha kwanza na uchore. Sasa *igeuze karatasi*, mgongo wake juu, ndipo uchore kipande cha pili. Kabla ya kugusa mkasi, laza vipande viwili sakafuni, nyuso juu: kidole kimoja kielekee kulia, kingine kushoto. Kosa la vidole kuelekea upande mmoja ndilo linaloharibu soksi nyingi zaidi.

Piga zigizaga milimita 5 ndani ya mstari uliouchora, kuzunguka umbo lote, halafu kata juu ya mstari. Zigizaga inashika ncha za mistari ya almasi zisifumuke.

Bitana nayo hukatwa kwa karatasi ileile, vipande viwili vinavyotazamana.

5. Unganisha

Kutanisha nyuso za mfarishi, bana kwa pini, shona sentimita 1 ndani ya ukingo, kuanzia mdomoni kuzunguka hadi mdomoni upande wa pili. Rudisha mshono mwanzo na mwisho. Penye duara la kidole na kisigino pita mara mbili.

Kwa mkasi mdogo punguza pamba iliyo nje ya mshono hadi ibaki milimita 3, bila kugusa uzi. Kisha chanja: sehemu inayoingia ndani, yaani juu ya unyayo, chanja mikato iliyonyooka kila sentimita 1.5, sehemu zinazotoka nje, kidole na kisigino, toa vipande vya pembetatu. Mikato iishie milimita 2 kabla ya mshono. Geuza soksi na usukume duara kwa mpini wa mwiko. Ncha ya mkasi hutoboa.

Bitana shona vivyo hivyo, ila mshono uanze na sentimita 1 mdomoni na upanuke taratibu hadi 1.3 ukishafika kifundoni. Bitana ikiwa ndogo kidogo inakaa ndani bila kujikunja. Usiigeuze.

6. Mkunjo na kitanzi

Ingiza bitana ndani ya soksi, migongo ya vitambaa ikigusana, mishono ya pembeni ikae pamoja. Bana mdomo na upime mzunguko wake milimita 5 ndani ya ukingo. Ongeza sentimita 2: huo ndio urefu wa kitambaa cha mkunjo. Soksi ya vipimo hivi huwa karibu sentimita 38 kwa 26.

Unganisha ncha mbili za mkunjo kupata mviringo. Mshono uwe sentimita 1 kwenye kingo zote mbili na milimita 7 katikati, ili pindo linaloangukia nje lipate nafasi ya kuzunguka unene wa soksi. Ukunje katikati, uso nje, kingo mbili zikutane, piga pasi.

Kitanzi: kunja utepe katikati kwa urefu, kunja kingo zake ndani, shona ukingoni. Upana unabaki sentimita 1.25.

Weka kitanzi kikining'inia ndani, juu ya bitana, sentimita 1.5 kando ya mshono wa nyuma. Juu yake weka mkunjo, nao ndani ya soksi, kingo zote sawa. Shona sentimita 1 kuzunguka, zigizaga juu yake, kisha vuta mkunjo utoke na uangushe nje. Mshono unajificha chini yake na kitanzi kinasimama.

Mwisho, pitisha mkono hadi kidoleni na ushike bitana kwa nje kwa mishono miwili ya mkono. Bila hiyo bitana hutoka pamoja na zawadi ya kwanza.

Maswali ya wanachama

*Fundi, sindano yangu inavunjika kila ninapofika penye mshono wa nyuma kwenye mkunjo. Nimebadilisha tatu.*

Hapo unene umejirundika sehemu moja: mshono wa mfarishi, wa bitana, na mara nyingi wa mkunjo pia. Sogeza mshono wa mkunjo ukae mbele, mbali na ule wa nyuma. Weka sindano namba 16, na ukifika hapo acha kukanyaga. Zungusha gurudumu kwa mkono mshono baada ya mshono. Kunja kipande cha kitambaa ukiweke nyuma ya mguu wa cherehani ili usiinamie mlima.

*Naomba msaada, vidole vyangu vyote viwili vinaelekea kulia. Nimeshakata.*

Pole. Kimoja hakiwezi kugeuzwa, nyuma ni marekani. Shona vipande vingine viwili vya mfarishi, ukate vyote vikielekea kushoto, na utapata soksi mbili.

*Pamba bapa sina. Blanketi kuukuu linafaa?*

Linafaa likiwa jembamba na limeshafuliwa mara nyingi. Taulo halifai, ni zito na mshono unazama. Kitambaa cha manyoya mafupi cha poliesta ni kizuri pia, ila usikipige pasi ya moto mkali. Huyeyuka na kubaki kigumu. Weka kitambaa cha pamba juu yake na pasi ya wastani.

*Uzi wa chini unatengeneza vishungi nyuma ya mfarishi.*

Mara nyingi tatizo liko juu. Inua mguu wa cherehani, toa uzi wa juu wote, uupitishe upya. Ukipitishwa mguu ukiwa chini, hauingii kati ya sahani za kukazia. Vikiendelea, kaza uzi wa juu kidogo kidogo ukijaribu kwenye mabaki ya tabaka tatu, si kwenye kitambaa kimoja.