Ukuta wa kukwea wa watoto uani: urefuke kwa ubavu, si kwenda juu

Kijana wangu wa pili alipofika miaka sita hakukuwa na kitu ambacho hakukiparamia. Nondo za dirisha, mpera wa jirani, geti, na mwisho nikamkuta juu ya mnara wa tanki la maji, dada yake yuko chini anamhesabia sekunde. Hapa Iringa mawe yamejaa, na mtoto akishaona wakubwa wake wamesimama juu ya jiwe la Gangilonga hutamwambia kitu kuhusu kubaki chini. Kumkataza ni ajira ya siku nzima. Nikaamua nimjengee pa kupandia.

Ukuta wa kwanza niliukosea kila mahali. Nilisimamisha plaiwudi ya ndani wima, futi 8 kwenda juu, nikaifunga kwenye ukuta wa fensi, nikapigilia vishikio kwa misumari. Mvua za Januari zilipokolea, plaiwudi ikaanza kubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Vishikio vikawa vinazunguka mkononi. Halafu nikaona ufa kwenye fensi. Tofali za inchi 5 zilizosimamishwa kuzuia macho ya wapita njia hazikujengwa kubeba kitu kinachovutwa kila jioni. Niliubomoa kabla hajaumia mtu.

Huu ninaoueleza ni wa pili, na una miaka miwili sasa. Plaiwudi mbili zimelazwa ubavu, zimeungana kichwa kwa kichwa: urefu mita 4.88, kimo sentimita 122 tu. Mtoto anaanza mwisho mmoja, anatambaa pembeni hadi mwisho wa pili bila kugusa mchanga. Mikono inafanya kazi ileile, akili inafanya kazi zaidi, na akiteleza miguu haiko mbali na chini.

Vifaa

Plaiwudi mbili za milimita 18, za nje. Wauza mbao wengi wanaita marini bodi. Mwambie unataka ya kufungia zege, na uangalie ubavu wake: tabaka zisiwe na mapengo. Mbao za 2×4 za futi 12, nane. Sisi wa huku tunapata paina ya msitu wa kupandwa wa Sao Hill bila shida. Chagua zilizonyooka na zilizokauka. Nguzo nne za mkaratusi zilizotiwa dawa, futi 9 kila moja, unene wa sentimita 12 hivi. Saruji, kokoto, mchanga. Boliti za milimita 10 (zile mafundi wa magari wanaziita za 17, kwa sababu ya spana), urefu milimita 60, pamoja na washa pana na nati za kujifunga, zile zenye plastiki ndani. Boliti ndefu nane za milimita 12, za kufunga fremu kwenye nguzo. Skrubu za inchi 2 na nusu. Rangi ya mafuta ya nje. Vipande vya mbao ngumu vya vishikio, ambavyo seremala yeyote wa mninga au mkongo anavyo vimerundikwa nyuma ya karakana.

Hatua ya 1: shimo la mchanga

Wengi huliacha hili mwisho, na mwisho hela imeisha. Anza nalo. Nyasi si godoro. Ardhi iliyokanyagwa ni ngumu karibu kama sakafu, na nyasi juu yake ni urembo tu. Mwongozo wa Marekani wa viwanja vya watoto unasema mchanga wa kina cha sentimita 23 unafaa kwa anguko la futi 4, basi. Mimi nimeweka sentimita 30, kwa sababu mchanga husogea: watoto wanauchimba palepale wanapoangukia.

Chimba sentimita 30 kwenda chini, mita 1.8 kutoka usawa wa ukuta kwenda mbele, na mita 1.8 zaidi kila mwisho. Ni karibu mita za ujazo 4 na nusu, kwa hiyo agiza lori, usidanganyike na mkokoteni. Taka mchanga wa mto uliooshwa. Ule wenye udongo mwingi ukilowa na kukauka unakuwa tofali. Kabla ya kununua niliuminya mkononi ukiwa na unyevu, nikafungua kiganja: ulimwagika. Ungebaki donge ningeurudisha.

Usiujaze bado. Nguzo kwanza.

Hatua ya 2: nguzo

Kutoka sakafu ya shimo, shuka tena sentimita 80 kwa mtaimbo kwa kila nguzo. Ukipima kutoka mwanzo wa ukuta, nguzo zinakaa kwenye sentimita 42, 202, 286 na 446. Vipimo hivi vinaonekana vya ajabu lakini vina sababu, utaiona kwenye hatua ya 4. Chonga upande wa mbele wa kila nguzo kwa tezo uwe bapa. Chini weka kokoto kidogo maji yapate njia, simamisha, angalia wima kwa pima maji kila upande, mwaga zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto). Zege lisipande juu ya sakafu ya shimo, lote lifunikwe na mchanga. Iache siku saba. Najua mikono inawasha. Iache.

Hatua ya 3: fremu

Kila plaiwudi ina fremu yake: mbao mbili za sentimita 244, juu na chini, na miti saba ya kusimama ya sentimita 112. Mbao nne za futi 12 zinatosha fremu moja, na kinabaki kipande cha mita 1.4 hivi. Miti hiyo ikae kila sentimita 40, katikati kwa katikati. Ile ya mwanzo na mwisho ibane ukingoni. Upande wa inchi 4 uende kutoka mbele kwenda nyuma, wa inchi 2 ndio ugusane na plaiwudi.

Funga fremu kwenye nguzo kwa boliti ndefu za milimita 12, mbili kila nguzo, kupitia mti wa pili na wa sita. Vichwa vizame ndani ya mbao, maana plaiwudi inakuja juu yake. Ukingo wa chini wa fremu uwe sentimita 30 juu ya usawa ambao mchanga utafika. Usipunguze hapo. Uwazi wa kati ya sentimita 9 na 23 ndio unaonasa kichwa cha mtoto: mwili unapita, kichwa kinabaki. Kagua na nyuma ya ukuta pia, kama umeujenga karibu na nyumba.

Hatua ya 4: matundu na rangi

Laza plaiwudi chini. Anza sentimita 12 kutoka upande mfupi na 11 kutoka upande mrefu, weka alama kila sentimita 20. Unapata safu 6 za alama 12, jumla matundu 72 kwa kila plaiwudi. Toboa kwa biti ya milimita 11, ukiweka kipande cha mbao chini ili nyuma pasichanike. Hakuna tundu litakalokutana na mti wa fremu wala nguzo; ndiyo maana ya vile vipimo.

Sasa rangi, mara tatu. Mbavu za plaiwudi na ndani ya kila tundu, mara nne. Nilitumia mswaki mkuukuu kwenye matundu, yote 144, redio ikiwa pembeni. Maji hayaingii plaiwudi kwa usoni, yanaingia kwa hizo njia. Kuna wanaochanganya mchanga kwenye rangi ili ukuta usiteleze. Mimi sikuchanganya. Magoti ya watoto yanaburuzika pale kila siku.

Rangi ikikauka, funga plaiwudi kwenye fremu kwa skrubu kila sentimita 20. Juu kabisa pigilia ubao wa mteremko, ulale kama paa, asipatikane mtu wa kukaa huko.

Hatua ya 5: vishikio

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo utamu ulipo. Kata vipande vya sentimita 10 hadi 15, unene milimita 35. Umbo zuri kwa mtoto ni kama kipande cha mche wa sabuni kilichotumika nusu wiki: mnene, hauna kona, juu umebonyea kidogo vidole vipate pa kulala. Ukingo wa juu uchongwe uteremke kuelekea ukutani, vidole vinase. Piga msasa mpaka upitishe kitambaa cha soksi bila kukwama. Hicho ndicho kipimo changu, na kimerudisha vipande vingi mezani.

Katikati toboa shimo pana la milimita 28, kina 12, kichwa cha boliti na washa vizame. Kisha tundu la 11 lipite. Mbele boliti, nyuma washa pana na nati. Ongeza skrubu moja pembeni ya boliti, ikamate plaiwudi: hiyo ndiyo inazuia kishikio kuzunguka. Ukikisahau kiskrubu hiki umerudi kwenye ukuta wangu wa kwanza.

Vishikio 36 hadi 40 vinatosha kuanzia. Safu tatu za chini ni za miguu, za juu ni za mikono. Tulipiga mstari mwekundu katikati na sheria ikawa moja: mguu hauvuki wekundu. Umbali kati ya kishikio na kishikio uwe kama mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidole. Kila baada ya wiki chache wapangue wenyewe, wewe ushike spana nyuma.

Jaza mchanga, sawazisha kwa reki. Kabla ya mtoto yeyote, ning'inia wewe mwenyewe kwenye kila kishikio.

Maswali ya wasomaji

*Mama Mapacha, Dodoma:* Asante kaka kwa somo. Wangu wana miaka mitatu, nao wataweza?

Dada, wataweza kuliko unavyodhani, ndiyo tatizo. Kwa sasa weka vishikio vya safu nne za chini tu, vikubwa, vya karibu karibu. Matundu ya juu yabaki matupu hadi wakue. Na mtu mzima awe amesimama hapo, asiwe jikoni anachungulia dirishani.

*Fundi Kipimo, Mbeya:* Mkuu, kuna nati za meno zinazogongwa nyuma ya ubao, huhitaji mtu wa kushika spana. Mbona hukuzitumia?

Nilizitafuta. Zilizopo kwenye maduka ya vifaa vya makochi ni ndogo, za milimita 6 na 8. Ukipata za 10, zitumie, tundu liwe la milimita 12. Ila zikianza kuzunguka ndani ya ubao utazitukana. Ukuta wangu uko wazi nyuma, nati ya kawaida inanitosha.

*Mzee wa Njombe:* Hujasema neno kuhusu mchwa. Sisi nguzo tunazipaka oili chafu na zinadumu.

Shikamoo mzee wangu. Kweli inasaidia, lakini hapa ni mahali pa watoto kushika na kuchezea mchanga, na ile oili ina uchafu wa injini ndani yake. Nimenunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, ambazo nazo si za kulambwa, kwa hiyo sehemu inayoonekana nimeipaka rangi na watoto wananawa wakitoka. Unga wa msumeno wa nguzo hizo usiuache kwenye mchanga, wala usizichome vipande vyake jikoni.

*Baba Wambui, Nakuru:* Hiyo mchanga yote, paka wa majirani si watafurahi?

Walifurahi wiki nzima ya kwanza. Sasa kila jioni tunafunika na turubai, tunaweka matairi pembeni upepo usilibebe. Asubuhi nafunua mapema jua lipige. Reki ni kazi ya kila Jumamosi, na ukikuta zawadi ya paka unachota pamoja na mchanga unaoizunguka, maana minyoo inaanzia hapo.

*Mwalimu wa awali, Singida:* Wavae helmeti?

Hapana, mwalimu. Baiskeli ndiyo, hapa hapana. Helmeti inaweza kunasa kwenye kishikio mwili ukiwa unashuka, na mkanda uko shingoni. Kwa sababu hiyohiyo vua mitandio, kamba za kitambulisho cha shule, kofia za kufunga kidevuni, na pete. Na usifunge kamba yoyote ukutani, hata ya kuchezea tu.

*Mpangaji, Dar es Salaam:* Mimi nimepanga, mwenye nyumba hataki hata kusikia neno sururu.

Basi tengeneza kama paa la banda la kuku: fremu mbili zinaegemeana juu, bawaba katikati, na mbao za kuzifunga chini ili zisifunguke. Iwe fupi, juu isizidi mita moja. Mchanga uuweke ndani ya sanduku kubwa la mbao lisilo na kitako, juu ya ardhi, si juu ya zege. Ukihama unakunja unaondoka nayo, na kuacha mchanga umpendeze mwenye nyumba.

*Dada Rehema, Tanga:* Siku ngapi jumla? Na mchanga wa ufukweni unafaa? Huku ni bure.

Wikiendi tatu ukiondoa wiki ya zege, na moja iliishia kwenye msasa tu. Wa ufukweni una chumvi, utakula boliti zako, na kuuzoa ufukweni kunaumaliza ufuko. Nunua wa mto.

*Fundi Kipimo, Mbeya:* Picha mkuu!

Nitapiga mvua ikikatika. Sasa hivi kinachoonekana ni turubai tu, na paka amelala juu yake.